Dhahabu Ilikuwepo, Deni Likaishinda: Kampuni ya Banro Kivu Kusini, 1996–2018

Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wazee waliotoka Mwenga na Kabambare hubishana mara kwa mara kuhusu Banro. Wengine husema kampuni hiyo ya Kanada ilibeba dhahabu yote ikaondoka tajiri. Wengine husema ilifilisika. Mimi ni mwanafunzi mjini Mbarara, na niliposoma taarifa ambazo kampuni ilitakiwa kuzitoa hadharani kwa wanahisa wake, niliona kwamba dhahabu ilitoka kweli na kampuni ikaanguka kweli. Insha hii inaeleza jinsi mambo hayo mawili yalivyowezekana pamoja.

Kabla ya Banro kulikuwa na SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za tangu enzi za Wabelgiji. SOMINKI ilitegemea zaidi bati. Bei ya bati ilipoporomoka duniani mwaka 1985, mapato yake yalikauka. Mwaka 1996 Banro ilinunua sehemu kubwa ya SOMINKI, ikiitaka dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya.

Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilifuta haki hizo kwa amri, na muda mfupi baadaye vita vikazuka. Banro ilishtaki, ikidai fidia ya dola bilioni moja. Mwaka 2002 pande mbili zilipatana na migodi ikarudishwa. Kwa miaka mingi iliyofuata kampuni haikuuza dhahabu. Iliuza matumaini: ilitoboa miamba, ikatangaza kilichomo chini, na watu wa Toronto na New York wakanunua hisa zake.

Twangiza ilianza kutoa dhahabu mwaka 2011, mwaka ambao bei ilifika karibu dola 1,900 kwa wakia. Banro ikaona milango imefunguka. Mwezi Machi 2012 ilikopa dola milioni 175 kwa hati fungani za riba ya asilimia 10, za kulipwa Machi 2017, ili ijenge mgodi wa Namoya. Riba peke yake ilikuwa dola milioni 17.5 kila mwaka, mvua inyeshe au jua liwake.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2013 bei ya dhahabu ilishuka kwa zaidi ya robo. Namoya ilichelewa, ikaingia katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 tu. Mashine ziliendeshwa kwa dizeli iliyosafirishwa kwa barabara mbovu. Kampuni ikakopa tena ili ilipe ya zamani, na thamani ya hisa ikazidi kuyeyuka. Mwaka 2017 mashambulizi ya watu wenye silaha yalisimamisha kazi Namoya. Desemba mwaka huo Banro iliomba mahakama ya Ontario iikinge dhidi ya wadai wake. Mwaka 2018 wadai wakubwa waliichukua, na wanahisa wa kawaida hawakupata kitu.

Kwa hiyo, nani alipoteza? Mwanahisa wa Toronto alipoteza fedha, lakini alikuwa amechagua kuziweka pale. Wachimbaji wadogo wa Twangiza waliofukuzwa kwenye mashimo yao, na familia zilizohamishiwa mlima wa Cinjira, hawakuulizwa kama deni la asilimia 10 linabebeka. Hata hivyo maisha yao yalifungwa kwenye deni hilo.

Wazee wetu huuliza dhahabu ilikwenda wapi. Ni swali la haki, lakini naona linachelewa. Siku tutakaporudi, na kampuni nyingine ikaja na ramani zake, tuulize mapema: imekopa kiasi gani, kwa nani, na bei ikishuka ni nani atakayelipa? Majibu hayo huandikwa kwa Kiingereza, katika taarifa zinazosomwa mbali na kijiji. Sisi tunaosoma Mbarara tuna wajibu wa kuyaweka katika Kiswahili, yasikike Luhwindja na Salamabila kabla jembe la kwanza halijapigwa.