Wagonjwa wa Akili, Wanaume na Wanawake

Zamani, katika mji wa Gent, nchi ya Ubelgiji, wanaume wenye wazimu walifungwa minyororo chini ya ngome yenye giza. Padri Pierre-Joseph Triest aliwahurumia. Mwaka wa 1803 alianzisha shirika la masista, na mwaka wa 1807 lile la Mabruda wa Mapendo. Mabruda wakatunza wanaume, masista wakatunza wanawake. Mwaka wa 1815 minyororo ikafunguliwa. Tangu 1828 munganga Joseph Guislain akafanya kazi pamoja nao, akifundisha ya kuwa wazimu ni ugonjwa, na upole na kazi ni dawa yake.

Mabruda walifika Kongo mwaka wa 1911. Tangu 1994 wana Sosame kule Bukavu, na Lubumbashi kuna nyumba ya wagonjwa yenye jina la Guislain.

Lakini tuulize: je, mateso ya wanaume na ya wanawake ni sawasawa? Waganga wanajua ya kuwa skizofrenia hushika wanaume mapema, mara nyingi kabla ya miaka 25, na wanawake baadaye. Basi kijana hupoteza masomo na kazi mbele ya kuoa. Mwanamke mara nyingi amekwisha kuzaa. Akirudishwa kwa wazazi wake, anaweza kunyimwa watoto. Tena, bwana akigonjwa, tunategemea bibi yake amtunze. Bibi akigonjwa, ni nani atamtunza?

Kwa hiyo kuacha fujo si kupona. Kijana apate kazi, mama aone watoto wake. Haya hayangoji munganga. Hata sisi wa Lukafu tunaweza kuyafanya.