Gatumba, 13 Agosti 2004: Tuandike Majina ya Marehemu Wetu

Ndugu wakimbizi wenzangu, pamoja nanyi mnaotuhudumia katika mashirika,

Kila tarehe 13 Agosti tunawakumbuka wenzetu wa Gatumba. Usiku ule wa mwaka 2004, watu wenye silaha waliingia katika kambi hiyo iliyokuwa karibu na mpaka wa Kongo, wakaua wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, wakiwemo akina mama na watoto. Kundi la Palipehutu-FNL lilitangaza kuwa ndilo lililoshambulia. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Waliobaki walizika ndugu zao, kisha wakajiuliza: twende wapi? Kwao Kongo hakukuwa na usalama, na walikokimbilia wameuawa. Hawakunyamaza. Walieleza mkasa wao kwa wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, kwa watetezi wa haki za binadamu na kwa HCR. Mwaka 2007 Marekani iliwapokea manusura zaidi ya 500. Mmoja wao, Sandra Uwiringiyimana, aliyefiwa na mdogo wake Deborah, baadaye alisema habari hizo mbele ya Baraza la Usalama.

Marekani yenyewe ilikuwa imepatwa na msiba tarehe 11 Septemba 2001, watu karibu 3,000 walipouawa. Mwezi uliofuata ilitungwa sheria iliyomruhusu mjane mgeni, ambaye ombi lake la kukaa nchini lilimtegemea mume aliyeuawa, kuendelea na ombi hilo kwa jina lake mwenyewe. Lakini jamaa wa marehemu ambao hawakuwa na vibali waliachwa nje, wakadai kwa miaka.

Basi tunajifunza nini? Huruma peke yake haitoshi. Anayedai huulizwa: nani alikufa, wapi, lini, na wewe ni nani wake? Familia nyingi hapa Muyinga, na jamaa zetu walioko Gitega, hawana jibu lililoandikwa. Darasani niliwahi kumwuliza mtoto yatima jina la baba yake. Aliinamisha kichwa, hakuna aliyewahi kumwambia.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi wanauliza kuandika kuna faida gani. Manusura wa Gatumba nao walingoja miaka mitatu. Mlango ukifunguliwa, asiye na karatasi hubaki nje.

Kwa hiyo naiomba kamati ifungue daftari: jina la marehemu, mahali, tarehe, jamaa aliyebaki, na shahidi. Wa kila kabila waandikwe, maana machozi hayana kabila. Daftari litunzwe kwa siri, nakala moja ikae HCR, kwa kuwa majina ya walio hai yakienea yanaweza kuwaletea hatari.

Mungu awarehemu marehemu wetu wote.

Mwalimu wa shule ya msingi, kambini