Shule ya Oak Park na Kalamu Zake

Mwezi wa Desemba 1933 meli iliyotoka Marseille ilitia nanga Mombasa, na miongoni mwa abiria walioshuka alikuwamo Ernest Hemingway, aliyekuja kuwinda Kenya na Tanganyika. Wapenzi wa fasihi wa mwambao humkumbuka kwa hadithi ya theluji ya Kilimanjaro, aliyoitoa mwaka 1936. Shule iliyomtia kalamu mkononi haitajwi sana, nayo ina kisa chake, ambacho hakikwisha alipoondoka yeye.

Shule hiyo, Oak Park and River Forest, ni sekondari ya serikali iliyoko kiasi cha maili nane magharibi ya katikati ya Chicago. Chimbuko lake ni miaka ya mwanzo ya 1870, zama ambazo moto mkubwa wa Oktoba 1871 uliwasukuma wengi kutafuta maskani viungani mwa jiji. Jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1907. Ada haitozwi, sehemu kubwa ya gharama hulipwa kwa kodi ya nyumba za wakaazi wa miji miwili inayoipa jina, na mwenye haki ya kusoma ni mtoto wa mkaazi. Kwa hiyo mlango wa shule hii haupo shuleni. Upo kwenye nyumba.

Hemingway aliingia mwaka 1913, akahitimu Juni 1917 pamoja na dada yake Marcelline. Alicheza mpira wa Kimarekani pasi na sifa kubwa, akaogelea, akapiga sello katika okestra ya shule. Hadithi zake tatu zilitoka mwaka 1916 katika Tabula, jarida la wanafunzi, na katika gazeti lao, Trapeze, aliandika habari za michezo zilizojaa mzaha. Walimu wawili wa Kiingereza, Fannie Biggs na Margaret Dixon, walimshika mkono. Hakwenda chuo kikuu baada ya hapo, hivyo darasa lao ndilo lililokuwa la mwisho kwake. Machi 1919 alirudi, majeruhi wa vita vya Italia, akasimama ukumbini mbele ya wanafunzi na kuwaonyesha suruali yake iliyotobolewa na vipande vya kombora.

Ukumbi ule ulijaa watoto wa wazungu karibu watupu, na haikuwa sadfa. Mwaka 1950 mkemia mweusi Percy Julian, ambaye mwaka 1935 alikuwa ameunda maabarani dawa ya macho iitwayo fisostigimini, alinunua nyumba Oak Park. Kabla hajahamia, nyumba ilijaribiwa kutiwa moto. Juni 1951 ikarushiwa baruti, watoto wake wakiwa ndani. Hakuhama. Mwaka 1968 baraza la mji lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kukodisha nyumba, na tangu hapo familia nyeusi zikaingia, na watoto wao wakaingia darasani.

Waliingia, lakini si katika madarasa yale yale. Mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016, kwa idhini ya bodi ya shule, mtengeneza filamu Steve James, mkaazi wa Oak Park, aliwafuata wanafunzi kwa kamera. Filamu yake ya sehemu kumi, America to Me, ilionyeshwa mwaka 2018. Wanafunzi walizidi 3,000, zaidi ya nusu wazungu, robo hivi weusi. Mtazamaji aliona masomo ya daraja la juu yakijaa wazungu na ya kawaida yakijaa weusi. Ni shule mbili chini ya dari moja, katika mji unaojivunia, na kwa haki, kwamba ulifungua milango.

Yaliyokuwa hayasemwi darasani yalisemwa jukwaani. Mwaka 1999 mwalimu wa Kiingereza, Peter Kahn, alianzisha hapo mafunzo ya ushairi wa kughani, yakiwa ndani ya vipindi na katika klabu ya jioni. Huyu ndiye aliyeshiriki kuhariri, mwaka 2017, diwani ya mashairi ya bahari iitwayo koleo la dhahabu. Bahari hiyo ilibuniwa na Terrance Hayes kwa heshima ya Gwendolyn Brooks, malenga wa Chicago aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950. Mshairi huteua mshororo wa mwenzake, akayaweka maneno yake moja moja kwenye miisho ya mishororo yake mwenyewe. Ukisoma miisho kutoka juu hadi chini, unaupata ule wa asili. Msomaji wa pwani ataikumbuka takhmisa, kama ile ya Sayyid Abdalla bin Nasir juu ya tungo za Liyongo, ambamo mtungaji wa baadaye hutanguliza mishororo yake na kumwachia mtangulizi kauli ya mwisho. Na shairi la Brooks alilolitumia Hayes linawahusu vijana saba walioacha shule wakakaa kucheza biliadi.

Mwaka 2022 ilitoka diwani ya miaka ishirini ya klabu hiyo, Respect the Mic. Mwaka huohuo wa masomo ulipoanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliwekwa pamoja, kwa mtaala mmoja wa daraja la juu, katika Kiingereza, historia, sayansi na lugha za kigeni.