Nani Anachanga Karata? Mkono, Mashine na Haki ya Kukagua

Tukisema mwanasiasa fulani amechanga karata zake vizuri, tunamsifu kwa kuyapanga mambo yamnufaishe. Usemi huo una kinaya tusichokigundua. Kuchanga karata, kwa asili yake, ni kuuvuruga mpangilio ili asiwepo mtu yeyote, hata mchangaji mwenyewe, anayejua kitakachofuata. Lugha yetu imekwisha kukiri kwamba mkono unaochanga unaweza kujipendelea. Wenye kasino za Marekani waliuondoa mkono huo mezani kwa sababu nyingine kabisa, na kisa chao kinamhusu kila anayesimamia bahati nasibu, usaili au mgawanyo wa viwanja.

Mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp alichapisha kitabu Beat the Dealer, akaonyesha kwamba mchezo wa ishirini na moja una kumbukumbu. Karata zilizokwisha kutoka hazirudi mpaka pakiti ichangwe upya. Kwa hiyo anayezihesabu hujua kama ree na karata za kumi zimebaki nyingi au chache, na huongeza dau pale tu hali inapomwelekea. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilijaribu kubadili kanuni. Wateja wakazisusa meza, na kanuni za zamani zikarudishwa. Zikabaki njia mbili: kuongeza pakiti, nne, sita, hata nane kwa pamoja, na kuzichanga mara kwa mara, au kumfukuza mhesabuji.

Katika jimbo la New Jersey njia ya pili ilizibwa mwaka 1982. Ken Uston, mhesabuji mashuhuri, aliishtaki kasino iliyomfukuza, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba kasino haikuwa na mamlaka ya kumzuia kwa sababu ya mbinu yake ya kucheza. Kanuni ya namna hiyo ingeweza kuwekwa tu na tume ya serikali inayosimamia kamari. (Wanafunzi wa sheria ya utawala waitafute hukumu hiyo, ni somo zuri kuhusu mipaka ya mwenye nyumba anapofanya biashara kwa leseni ya umma.) Kasino iliyotaka kujikinga ilibidi ichange zaidi, na kuchanga kuna gharama: kila dakika ambayo mgawaji anachanga pakiti nane ni dakika isiyo na dau mezani.

Hapo ndipo alipoingia John Breeding, dereva wa lori kutoka Minnesota, ambaye kampuni yake ilitoa mashine yake ya kwanza ya kuchanga karata mwaka 1992. Mgawaji akabaki na kazi ya kugawa.

Mwaka huohuo wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis, huyu wa pili akiwa mfanya mazingaombwe wa zamani, walichapisha utafiti kuhusu mkono wenyewe. Pakiti ya karata 52 ikigawanywa nusu mbili na karata zikaingilizwa, kitendo hicho chahitaji kurudiwa takriban mara saba ndipo mpangilio wa awali ufutike. Wachangaji wengi huacha mapema zaidi, wakiridhika kwamba karata zinaonekana zimevurugika.

Kuridhika kwa namna hiyo kuliwahi kugusa maisha ya vijana. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya Marekani ilichezesha bahati nasibu ya kuwaita vijana jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa viliingizwa sandukuni mwezi baada ya mwezi, vikachanganywa kwa mkono, na havikuchanganyika vya kutosha. Waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walielekea kupata namba za kuitwa mapema. Kila mtu alikuwa ameiona shughuli hiyo kwenye televisheni, na hakuna aliyedanganya. Takwimu ndizo zilizofichua kasoro, na zoezi lililofuata likapangwa upya kwa msaada wa wataalamu.

Mashine nayo ilifikiwa na hesabu hizohizo. Diaconis, Jason Fulman na Susan Holmes waliichunguza mashine ya rafu kumi: kila karata hupelekwa kwenye rafu yoyote kwa bahati, ikawekwa juu au chini ya zilizopo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 walionyesha kwamba mtu anayejua utaratibu huo, na anayeziona karata zikifunuliwa moja baada ya nyingine, angeweza kubashiri kwa usahihi wastani wa karata 9.5 kati ya 52. Pakiti iliyochangwa sawasawa ingempa takriban 4.5. Kwa macho, sanduku lilikuwa likifanya kazi yake barabara.

Waliowaita wataalamu hao walikuwa watengenezaji wenyewe, nao waliyakubali matokeo japo hayakuwafurahisha. Mteja anayeketi mbele ya sanduku la namna hiyo hana ufunguo wake. Zamani aliweza angalau kuitazama mikono ya mgawaji, akahesabu ni mara ngapi pakiti imechangwa, na kumwomba arudie.