Kirangozi si mwenye pembe

Matanga yakishaanuliwa hapa Ipuli, mjini Tabora, majamvi hayajakunjwa yote, swali limekwisha fika: "Mirathi mmeshaifungua?" Nalipenda neno hilo, kufungua. Duka hufunguliwa, saumu hufunguliwa, na mirathi nayo hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwamba inapaswa pia kufungwa, hilo wengi hulisahau. Ziko nyumba ambazo mirathi yake ilifunguliwa watoto wakiwa chekechea, leo wana watoto wao, nayo bado iko wazi kama dirisha lililong'oka kitasa.

Muhtasari ni neno la kufupisha. Kikao kimekaa tangu asubuhi, karatasi inatoka moja. Katika kufupisha huko, jina la kwanza kukatwa huwa la yule aliyekuwa jikoni akiwasongea ugali wanakikao.

Karatasi hiyo humpendekeza msimamizi, na hapo ndipo lugha ya mtaani inapoteleza. Watu husema, "Kaka mkubwa kapewa mirathi." Hakupewa mirathi, alipewa usimamizi. Mzizi wake ni kusimama, na ile -ia mwishoni ndiyo inayombana: husimami tu, unasimama kwa ajili ya kitu, kwa ajili ya watu. Mji wetu ulipaswa kuijua tofauti hii kuliko miji mingine. Misafara ya kwenda Bagamoyo ilikuwa na kirangozi, aghalabu Mnyamwezi, aliyetangulia mbele na kilemba chake cha manyoya. Akisimama, wote wanasimama; akishika njia, wapagazi wanamfuata. Lakini hakuna aliyemdhania kuwa ndiye mwenye pembe za ndovu walizobeba.

Kirangozi wa mirathi ana fomu zake. Katika Mahakama ya Mwanzo, namba 5 ni ya orodha ya mali na madeni, namba 6 ni ya hesabu: nani kapata nini. Asipozirudisha, au akiuza kiwanja akala fedha, warithi wanaweza kuiomba mahakama itengue uteuzi wake. Kutengua! Udhu hutenguka, nyonga hutenguka. Aliyekuwa msimamizi anabaki vilevile ndugu yenu, ila hawezi tena kusimama kwa niaba yenu.

Magazeti siku hizi yamezoea kuwaita warithi "wanufaika". Silipendi. Mnufaika anaweza kuwa mtu aliyegawiwa mbolea ya ruzuku. Kesho isipogawiwa, hana wa kumdai. Mrithi haombi hisani. Liachwe neno mnufaika kwenye amana na wakfu, ambako mali imewekwa mikononi mwa wadhamini kwa faida ya wengine, na hata huko isisahaulike kwamba naye anaweza kuwadai hesabu.

Neno linaloniudhi kabisa ni kugombea. Binti akienda mahakamani kuuliza nyumba ya baba yake imeuzwaje, atasikia kabla hajarudi: "Anagombea mali, na kaburi halijakauka." Ajabu, mgombea ubunge tunamwita mheshimiwa kabla hajashinda, lakini mgombea mali ni mroho. Mahakama inalo neno lake tulivu zaidi: kuweka pingamizi. Pingamizi ni la ukoo mmoja na kupinga, kulaza kitu njia nzima kama gogo lililoangukia njia ya msafara. Gogo halimnyang'anyi mtu mzigo. Linasimamisha tu, mizigo itazamwe. Yule binti hakugombea kitu, ameweka gogo.

Wosia nao una sura mbili. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858, mwaka uleule wapelelezi Burton na Speke walipopita hapa wakipaita Kazeh. Wosia ule ni wa maneno: adabu, dini, ndoa. Mzee wa Ipuli anaposema kitandani "msigombane wanangu", naye ameusia namna hiyo, na haitoshi kugawa nyumba. Kwa Waislamu, ambao hapa ni wengi tangu enzi za misafara, wosia wa mali hauvuki theluthi, wala mrithi hausiwi zaidi ya fungu lake mpaka wenzake waridhie. Kwa mila, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 lilitaka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki.

Tangazo hilohilo liliwapanga warithi kwa madaraja, mabinti wakawekwa la tatu, la mwisho. Mjane mwenye watoto hakuwa na fungu. Watoto ndio wa kumtunza. Na tazama sarufi: mwanamume hurithi, mjane hurithiwa. Yeye ndiye shamba la kitenzi. Wajane wawili Wasukuma wa Shinyanga, majirani zetu, walilipinga hilo hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imewavunjia haki zao.

Nirudi kwa mtu baki, maana sijui neno la sheria lililo zuri kuliko hilo. Ukoo umehesabiwa wote, na huyu ndiye aliyesalia nje ya hesabu. Sheria ikamwona anafaa kuaminiwa, kwa kuwa hana fungu la kupigania. Lakini mtaani neno hilo lina kazi nyingine. Mjane anapokaribia mkeka wa kikao, kuna shemeji atakayesema kwa upole, bila kuinua macho: "Shemeji, tupishe kidogo, haya ni mambo ya ukoo, wewe mtu baki." Naye anarudi ndani, katika nyumba ambayo, kati yao wote, ni yeye tu aliyebaki humo.