Autozam AZ-1 (1992–1994)

Mtu mzima akisimama kando ya gari hili, paa linamfika chini ya kifua: kimo chake ni mita 1.15 tu. Milango hupanda juu kama mbawa, na sehemu ya kioo inayofunguka ni ndogo, ya kupitisha mkono basi.

Gari hili ni zao la sheria. Japani huyatoza kodi nafuu magari madogo, ambayo wakati huo injini haikuruhusiwa kuzidi cc 660 wala urefu kuvuka mita 3.3. Nafuu hiyo ilikusudiwa magari ya kwenda kazini na sokoni. Mazda, kwa ukaidi wa kupendeza, ikaunda gari la michezo. Mwaka 1989 ilionyesha Tokyo mifano mitatu iliyoitwa AZ-550; mmoja ndio uliozaa gari hili, lililouzwa kupitia maduka yake ya Autozam.

Injini ni ya Suzuki: silinda tatu, cc 657, turbo, nguvu za farasi 64. Imekaa nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma. Bodi ni ya faibaglasi juu ya fremu ya chuma, hivyo gari zima lina kilo 720. Buti hakuna, tairi la akiba limebanwa nyuma ya viti.

Lilifika sokoni uchumi ukiwa umeshayumba, na wanunuzi wakawa wachache. Yalitengenezwa magari yasiyofika 5,000, ndiyo maana wakusanyaji huyagombania. Adimu zaidi ni yale yaliyouzwa na Suzuki kwa jina la Cara.