Baba wa Baraza: Ukongwe na Madaraka katika Bunge la Marekani, Karne ya 19

Neno la Kifaransa «doyen» linasikika kila siku katika vyuo vyetu. Kwetu humaanisha kwanza mkuu wa kitivo. Lakini katika siasa humaanisha pia mtu aliyewatangulia wenzake kwa miaka. Asili yake ni neno la Kilatini lililomtaja kiongozi wa watu kumi, na Kiingereza kimerithi shina hilohilo. Tunapotaka kulieleza kwa Kiswahili tunajikuta na maneno matatu: uzee, ukubwa na ukongwe. Uzee ni wa umri. Ukongwe, katika matumizi ya makala haya, ni wa muda wa utumishi. Ama ukubwa, neno hili huchanganya umri, cheo na nguvu, na mchanganyiko huo ndio unaompotosha mwanafunzi anapokutana na zile orodha za wabunge wa zamani zilizopangwa kwa kufuata miaka ya utumishi. Huona jina lililo juu, akadhani amemwona mwenye madaraka. Kwa Baraza la Wawakilishi la Marekani katika karne ya 19, dhana hiyo si sahihi.

Hapana budi kwanza kutenganisha taratibu mbili. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kwa kufuata mapokeo yanayojulikana sana katika mabunge ya Ufaransa, inampa mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote uongozi wa ofisi ya muda, akisaidiwa na wawili walio wadogo kabisa. Huo ni uzee, nao unaweza kuzaa nguvu ya kweli: Christophe Mboso aliongoza ofisi ya namna hiyo baada ya ofisi ya Jeanine Mabunda kuangushwa Desemba 2020, na mwezi Februari 2021 akachaguliwa kuwa spika. Wamarekani hawakuhesabu umri bali utumishi. Aliyedumu kuliko wenzake katika Baraza la Wawakilishi aliitwa Baba wa Baraza, na heshima yake iliyojulikana zaidi ilikuwa kumwapisha spika mpya.

Tuangalie Desemba 1839. Wabunge walikutana Washington tarehe 2, na karani wa Baraza la zamani akaanza kuita majina. Alipofika jimbo la New Jersey alisimama, kwa kuwa makundi mawili yalidai viti 5 vya jimbo hilo, na hakukubali kuita kundi lolote kati ya hayo. Spika hakuwapo; bila orodha kamili hangeweza kuchaguliwa; na bila spika ni nani angeamua orodha iwe ipi? Siku zikapita katika kelele. Tarehe 5 wabunge walimwita John Quincy Adams kushika kiti kwa muda. Alikuwa na miaka 72, aliwahi kuwa rais wa nchi kuanzia 1825 hadi 1829, lakini katika Baraza hilo alikuwa na miaka 8 tu. Baba wa Baraza alikuwa mwingine: Lewis Williams wa North Carolina, aliyeingia mwaka 1815. Williams hakupewa kiti. Yeye, pamoja na Richard Barnwell Rhett wa South Carolina, alimsindikiza Adams hadi kitini.

Na tarehe 16, ulipofika wakati wa kumchagua spika wa kudumu, kura zilimwangukia Robert Hunter wa Virginia, kijana wa miaka 30 aliyekuwa katika kipindi chake cha pili. Hakuna aliyepata kuwa spika wa Baraza hilo akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Kwa muda wa wiki mbili, basi, tunaona vitu vitatu vikikaa kwa watu watatu: ukongwe kwa Williams, heshima ya jina na umri kwa Adams, na madaraka kwa Hunter.

Mtu asidhani kwamba Hunter ni kioja cha pekee. Henry Clay alichaguliwa kuwa spika tarehe 4 Novemba 1811, siku yake ya kwanza katika Baraza, ingawa alikwisha kukaa Seneti. William Pennington alichaguliwa tarehe 1 Februari 1860, baada ya kura kupigwa mara 44, naye alikuwa mgeni kabisa aliyekaa kipindi kimoja tu. Sababu haiko mbali. Kipindi kilikuwa cha miaka miwili, na kabla ya miaka ya 1880 mara nyingi karibu nusu ya wabunge walikuwa wapya. Katika wilaya nyingi wanachama wa chama kimoja walipokezana kiti. Abraham Lincoln aliondoka mwaka 1849 baada ya kipindi kimoja, kulingana na mapatano ya aina hiyo miongoni mwa wanachama wenzake wa Illinois. Palipo na wakongwe wachache, ukongwe hauwezi kuwa sheria.

Hata viti vya kukalia havikufuata ukongwe. Tangu mwaka 1845 viligawanywa kwa bahati nasibu: mtoto wa utumishi, akiwa amefungwa macho, alichota namba, na kila mbunge alichagua mahali pake kwa zamu iliyomwangukia. Mara nyingine Baraza lilikubali kwamba mzee fulani anayeheshimiwa achague kabla ya wengine. Lakini hiyo ilikuwa ruhusa ya wenzake, si haki aliyoweza kuidai.

Tena, ukongwe wenyewe ulihesabiwaje? Kipindi kilianza tarehe 4 Machi. Majimbo yalichagua kwa miezi mbalimbali, na mengine, kama Tennessee, yalipiga kura mwezi Agosti baada ya kipindi kukwisha kuanza. Hata hivyo kumbukumbu humhesabia mbunge wa Tennessee tangu 4 Machi, sawa na wengine. Hivyo makumi ya watu huwa na tarehe moja, na mtunga orodha wa siku hizi huwapanga kwa alfabeti. Mwenye jina la herufi A humtangulia mwenye herufi W bila kumzidi hata siku moja.

Lililo gumu zaidi ni utumishi uliokatika. Galusha Grow wa Pennsylvania aliingia mwaka 1851, akawa spika 1861 hadi 1863, akashindwa, kisha akarudi mwaka 1894 baada ya miaka 31. Ni mgeni au mkongwe? Charles O'Neill wa Philadelphia alitumikia 1863 hadi 1871, akarudi 1873. William Holman wa Indiana alitumikia 1859 hadi 1865, 1867 hadi 1877, na tena tangu 1881. Tukijumlisha hadi Machi 1893, kila mmoja ana miaka 28. Tukihesabu mfululizo wa mwisho pekee, O'Neill ana 20 na Holman 12. Tukitazama aliyeingia kwanza, Holman yu mbele. Kila kipimo kina mantiki yake, na orodha isiyotaja kipimo chake haina faida kwa mtafiti.

Huyu Holman anatufikisha kwenye kiini cha jambo. Wenzake walimpa jina la mbwa wa kulinda hazina, nao walikusudia kumsifu (Kiswahili kisingekubali sifa ya namna hiyo), kwa maana alipinga karibu kila matumizi ya fedha za umma. Mwaka 1891 alikabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Matumizi, mojawapo ya kamati zenye nguvu kuliko zote. Mwaka 1893 spika Charles Crisp wa Georgia, mtu wa chama chake mwenyewe, alimwondoa. Kiti hicho alimpa Joseph Sayers wa Texas, aliyeingia Baraza mwaka 1885, na Holman akahamishiwa kamati ya mambo ya wenyeji asilia wa Marekani. Katika mgawanyo huohuo Crisp alimwondoa William Springer katika kamati ya kodi, akamweka William Wilson. Crisp mwenyewe alikuwa ameingia mwaka 1883 tu.

Crisp hakuvunja kanuni yoyote. Spika ndiye aliyeteua kamati, na kwa kawaida alizingatia miaka ya mtu katika kamati kwa kadiri ilivyomfaa. Uasi wa wabunge dhidi ya spika Joseph Cannon mwezi Machi 1910 ndio uliofungua njia. Mwaka 1911 uteuzi uliondolewa mikononi mwa spika, na tangu hapo ukongwe katika kamati ukawa ngao ambayo Holman hakuwa nayo. Holman alipoteza kiti chake cha ubunge katika uchaguzi wa 1894. Alikirudia Machi 1897, akafariki tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, wiki saba baada ya kipindi chake cha mwisho kuanza.